Karabini ya mtindo wa jeshi, au niokoe pesa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina leseni ya kuwinda na sasa natafuta bunduki moja fupi ya bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi, ya kutembea nayo porini. Moyo wangu uko kwa Ruger Gunsite Scout ya .308, ila bei yake inanikosesha usingizi. Rafiki yangu anasema nichukue Lee-Enfield Namba 5 kuukuu, kuna mtu anaiuza kwa bei nafuu sana. Kaka yangu anasema ninunue bunduki ya kawaida ya kuwindia, mambo yaishe. Mimi nafuata nguruwe na swala, natembea kutwa nzima, na sijawahi kupiga zaidi ya mita 150. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msikilize kaka yako. Lakini umeandika kwa moyo, na hiyo Scout si upuuzi, kwa hiyo nitakueleza nimefikaje hapo.

Fikra ya bunduki ya namna hiyo ilienezwa na Jeff Cooper, Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Marine na baadaye akaanzisha chuo cha kulenga shabaha cha Gunsite. Alitaka bunduki ya mtu anayetembea peke yake: urefu usizidi mita moja, uzito kama kilo tatu, risasi ya .308, mkanda mzuri, na darubini ya nguvu ndogo iliyofungwa mbele, juu ya mtutu. Ruger walileta yao mwaka 2011. Ina mtutu wa sentimita 42, magazini ya risasi kumi inayochomolewa, vilengeo vya chuma vyenye tundu nyuma, na kucha kubwa ya kushika ganda kwa mtindo wa Mauser, zile bunduki za Kijerumani. Kitako kina vipande vya kuongeza au kupunguza urefu, jambo ambalo watu hulidharau mpaka siku wanapovaa koti zito na bunduki ikawakwama kwapani.

Nimeibeba misimu miwili. Kwenye vichaka inapita pale ambapo bunduki ndefu inashika kila kitawi, na ile tundu ya nyuma ni kilengeo bora kuliko vyote nilivyotumia: unaangalia kupitia tundu, jicho lenyewe linajiweka katikati, wewe unashughulika na ncha ya mbele tu. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, na inakwenda mahali pazuri.

Sasa matatizo yake. Bila darubini ina uzito wa kilo 3.2 hivi. Ongeza darubini, mkanda na risasi kumi uone kama bado ni nyepesi. Ile magazini ndefu ya chuma inachomoza chini karibu kabisa na pale mkono unapotafuta kushika bunduki inapokaa sawa, na baada ya saa tatu vidole vinalalamika. Magazini fupi zipo, nunua hizo. Darubini ya mbele nayo inakuachia macho yote mawili wazi, lakini jua la jioni likiwa mgongoni mwako, kioo cha nyuma kinang'aa na hauoni kitu. Nilimkosa nguruwe namna hiyo, mita 60, amesimama kiubavu. Na mtutu mfupi wa .308 una mshindo mkali mno. Ziba masikio kila unapofanya mazoezi, maana sikio likiharibika halitengenezeki.

Twende kwa Namba 5. Ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1944 hadi 1947, kwa ajili ya vita vya misituni. Ni nyepesi, ina bolti laini inayokwenda haraka kuliko karibu bolti yoyote, na inapendeza machoni. Naipenda. Lakini tangu enzi za jeshi lenyewe ililalamikiwa kuwa shabaha yake inahama: leo inapiga katikati, wiki ijayo inapiga pembeni, na wewe hujagusa kitu. Si zote zinazofanya hivyo, ila huwezi kujua mpaka uipige siku kadhaa tofauti. Inasukuma bega kwa nguvu, na kile kipande kidogo cha mpira kwenye kitako kwa umri huo kimeshakuwa kigumu kama ubao. Halafu ziko nyingi za bandia, Lee-Enfield ndefu zilizokatwa na wafanyabiashara. Ya kweli imechongwa na kutobolewa kiwandani ili kupunguza chuma, hata pale mtutu unapoanzia, chini ya mbao. Mwombe muuzaji afungue mbao za mbele. Akikataa, ondoka.

Jambo linalonitia hofu zaidi liko ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Mwaka mmoja kijana aliniletea Lee-Enfield akisema maganda yanatoka na "pete". Niliyapanga mezani. Karibu na kitako cha kila ganda kulikuwa na mstari unaong'aa, umezunguka pande zote. Nikachukua waya mwembamba, nikaupinda ncha kama ndoana ndogo, nikauingiza ndani ya ganda na kuuburuta polepole ukutani. Ulipofika kwenye ule mstari ulidumbukia kwenye mfereji. Shaba ilikuwa imevutika mpaka imebaki karatasi, kwa sababu nafasi kati ya bolti na chemba ilikuwa imezidi. Ganda jingine lingeweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki, na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wake. Kwa Lee-Enfield za kizazi hicho, vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa saizi zenye namba, 0 hadi 3, ili fundi arekebishe nafasi hiyo. Kumpata fundi mwenye vipimo na vichwa hivyo sasa ni safari.

Mosin-Nagant M44, karabini kuukuu ya jeshi la Kisovieti, sijaitaja kwa sababu hukuuliza, lakini mtu atakushawishi. Ina kilo nne, na ilipimwa shabaha ikiwa na singe imefunguliwa. Ukiikunja, risasi zinakwenda kwingine. Risasi za zamani za jeshi nyingi zina fataki, kile kiwashio cha baruti, inayoacha chumvi kwenye mtutu. Chumvi hiyo haiyeyuki kwa mafuta hata upake lita nzima, inataka maji ya moto siku hiyo hiyo, kisha ukaushe ndipo upake mafuta. Niliwahi kuona mtutu uliolala usiku mmoja tu bila maji, na asubuhi ndani ulikuwa na rangi ya kahawia.

Ndiyo maana nasema kaka yako yuko sahihi. Bunduki ya kawaida kama Ruger American aina ya Compact ya .308 ina mtutu wa sentimita 46, nyepesi kuliko Scout, na triga unaweza kuirekebisha. Kitako ni cha plastiki na magazini ni ya risasi nne. Haina vilengeo vya chuma, hilo ni pungufu la kweli, kwani darubini ikigonga mwamba siku yako imekwisha. Haina sura ya jeshi. Lakini ukiiweka juu ya mfuko wa mchanga mita 100 itapiga vizuri sawa na ile ya bei kubwa, na nguruwe wako wa mita 150 hatajua tofauti.

Tofauti ya bei itumie hivi: darubini imara ya nguvu ndogo, kuanzia mara 1.5 au 2, mkanda mpana wa ngozi, na risasi 200. Hizo risasi usizipige zote mezani. Piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umesimama na kuegemea mti, umetoka kukimbia mita 50 na moyo unadunda.

Hali moja tu ingenifanya nibadili jibu. Kama unakaa porini wiki nzima mbali na fundi na ni lazima uwe na vilengeo vya chuma, subiri, kusanya pesa, nunua Scout. Kabla ya hapo uliza ofisi ya leseni kama magazini ya risasi kumi na kizuia mwako kinachokuja nayo kwenye mdomo wa mtutu vinaruhusiwa kwenu, maana nchi nyingine zinakataza kimoja au vyote viwili.

Na kama bado Namba 5 inakuita, nenda kwa muuzaji na vitu vitatu: tochi, waya ule uliopindwa, na risasi bandia isiyo na baruti wala fataki. Hakikisha bunduki ni tupu, kisha ingiza ncha ya ile risasi bandia kwenye mdomo wa mtutu. Ikizama mpaka shingo ya ganda ikagusa chuma, mdomo umeliwa na miaka ya fimbo za kusafishia. Mwombe pia maganda matano yaliyopigwa na bunduki hiyo hiyo, uyapitishe waya hapo hapo mbele yake.