Shilingi ya Babu Imepoteza Meno

SWALI: Nimerithi kwa marehemu babu shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924, yenye simba upande mmoja na Mfalme George wa Tano upande wa pili. Meno ya ukingoni yamefifia pande zote, na juu ya taji la mfalme yametoweka kabisa. Je, imechakaa tu, au imechezewa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Yawezekana ni yote mawili. Kufifia pande zote ni kazi ya matumizi. Mdomo wa sarafu huinuliwa kidogo kwa makusudi ili upokee msuguano kabla ya picha, na meno ya ukingoni hugongana na sarafu nyingine kila zinapotiwa mfukoni au kumwagwa mezani zihesabiwe. Shilingi ya wakati huo ilikuwa na fedha robo tu, iliyobaki ikiwa hasa shaba, na mchanganyiko huo hulika upesi kuliko shaba na nikeli zilizotumika kuanzia mwaka 1948. Ikiwa nywele za mfalme na manyoya ya simba navyo vimelainika, basi uchakavu huo ni wa haki.

Lakini matumizi hayachagui mahali pamoja. Meno yanapotoweka juu ya taji tu, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni sonara, kwa kuwa hapo ndipo kishikizo cha mkufu huunganishwa kwa lehemu ili kichwa kikae wima kifuani. Kikishabanduliwa, mabaki yake husawazishwa kwa tupa. Shika sarafu kwenye mwanga wa dirishani, uigeuze polepole, ukitafuta mikwaruzo inayokwenda upande mmoja au doa la rangi tofauti na madini yanayolizunguka.

Ipo pia kasoro ya kiwandani, ingawa ni nadra. Meno huchongwa na pete ya chuma inayoizunguka sarafu inapopigwa chapa. Pete isipokaa sawasawa, madini hutanuka nje na ukingo hubaki bila meno. Sarafu ya namna hiyo huwa pana kuliko wenzake, nayo haijapoteza uzito. Shilingi mpya ya mwaka huo ilikuwa na takriban gramu 7.8, hivyo mizani ndogo ya sonara itakusaidia.

Tafadhali usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia kabla ya uchunguzi huo, kwani utafuta alama za lehemu na za tupa ambazo ndizo zitakazokupa jibu.