Ua la Kwetu Nililolijulia Ujerumani

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga, na katika miaka yote niliyokulia pale, milima ya Usambara ya Mashariki kwangu ilikuwa ni kule mawingu yanakotanda na iliki inakotoka. Nilijua bei ya tenga la machungwa. Msitu wenyewe sikuujua. Ilinibidi nifike Ujerumani na kupanga chumba kwa bibi mmoja ndipo nikaambiwa kwamba maua ya zambarau aliyoyapanga dirishani, yenye majani ya manyoyamanyoya, kwa lugha yao huitwa Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Akaniuliza kwetu yanaotaje porini. Sikuwa na jibu, kwani sikuwahi kuyaona.

Baadaye nilisoma kwamba Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake mbegu hizo mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita ua hilo Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenyeji waliolijua kabla yao hawakutajwa, jambo ambalo bado linaniuma.

Kwa anayerudi nyumbani, ushauri wangu ni kwamba utenge siku ya kuitembelea nchi yako kabla ndugu hawajajua kuwa umefika. Likizo ya mtu wa ughaibuni huliwa na harusi, misiba na salamu za mashangazi. Yangu ya kwanza iliisha hivyo hivyo, nikaondoka bila hata kupanda mlima. Mara ya pili nilikwenda siku ya tatu tu baada ya kufika, ingawa mjomba alinicheka: "Mjomba, umetoka kote huko Ulaya uje kuangalia majani?"

Nilikosea jambo moja. Kwa kuwa ni mwenyeji, niliona haya kumlipa mtu anionyeshe kwetu, kwa hiyo nilizunguka peke yangu karibu na Sigi, lango la kuingilia msitu wa Amani huko Usambara ya Mashariki, ambako jengo la kituo cha reli ya Wajerumani bado limesimama, nikarudi na matope hadi magotini bila kuona hata ua moja. Kesho yake nilimchukua mwongozaji, kijana wa pale pale, naye akanirudisha kwenye njia ile ile niliyoipita jana yake. Alisimama kando ya kijito, akanyoosha kidole kwenye ubavu wa jiwe kubwa lililofunikwa na kivuli. Pale, katika ufa usiotosha hata kupitisha mkono, palikuwa na majani matano au sita yaliyolala bapa juu ya jiwe, yakidondosha maji, na katikati yake vimaua viwili vidogo kuliko vile vya dirishani, vyenye kitone cha manjano moyoni. Mimi nilikuwa nikitazama chini, kama mtu anayetafuta bustani. Basi mlipe mwongozaji bila kunung'unika, wala usichume chochote, kwa maana Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997.

Uliza pia nyumbani, na uulize kwa subira. Nilipomwonyesha mama picha kwenye simu, aliitazama kidogo tu, akasema kwamba katika usichana wake waliyaona sana mtoni walipokwenda kuchota maji. Halafu akaanza kuitaja mimea mingine ya mawe yale kwa Kibondei, mmoja baada ya mwingine, na ule wa kuoshea vyungu, hata nikalazimika kutafuta kalamu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikimpigia simu kumuuliza habari za mvua na bei ya machungwa.

Mwaka huu tutapanda naye. Amechagua mwezi wa Julai, masika yakishakwisha na njia ikikauka, kwa sababu ya magoti yake, na ameshasema kwamba mwongozaji tumchukue, lakini yeye ndiye atakayetangulia.