Kwa nini freti ya 12 inalia kama kengele na ya 6 haitoi kitu

Umeuliza kwa nini kugusa uzi wa gitaa kidogo juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) hakuuzimi, lakini ukigusa juu ya ya 6 unapata "tup" tu. Ni hivi: uzi uliochunwa hautikisiki kwa namna moja. Uzi wa A (wa tano) unatikisika mzima mara 110 kwa sekunde, na papo hapo unatikisika kwa nusu mbili (220), theluthi tatu (330), robo nne (440) na kuendelea. Sikio linazisikia zote kama sauti moja.

Freti ya 12 iko katikati kabisa. Mitikisiko ya 110, 330 na 550 lazima icheze hapo, basi kidole kinaiua. Ya 220 na 440 imetulia hapo tangu mwanzo, haina habari na kidole chako. Freti ya 7 iko kwenye theluthi ya uzi, ya 5 kwenye robo. Ya 6 haiangukii kwenye mgawanyo wowote rahisi, ndiyo maana hakibaki kitu cha maana.

Hamoniki (mlio wa kengele unaobaki ukigusa uzi hivyo) ya 550 ndiyo inayosumbua watu: haiko juu ya chuma cha freti ya 4, iko nyuma yake kidogo upande wa kichwa cha gitaa, kama milimita 4 kwa uzi wa sentimita 65. Chuna karibu na daraja (pale uzi unapokaa juu ya mwili wa gitaa), kisha ondoa kidole upesi.