Mpime mwalimu wa biashara ya siku kwa stopu losi yake

Kabla sijalipia mafunzo ya mtu yeyote anayefundisha kununua na kuuza sarafu au hisa ndani ya siku moja, humuuliza kwanza stopu losi yake, yaani agizo la kufunga biashara yenyewe hasara ikifika kiwango fulani, huiweka wapi na kwa nini huiweka hapo. Swali hili naliamini kuliko shuhuda za wanafunzi, kwa sababu anayefanya biashara kwa fedha yake mwenyewe hulijibu bila kutafuta maneno, ilhali anayeishi kwa kuuza kozi huhamia upesi kwenye habari za faida.

Jibu la kweli huanzia kwenye chati. Stopu losi hukaa mahali ambapo bei ikifika, sababu iliyokuingiza sokoni haipo tena, na ukubwa wa biashara hukokotolewa kutokana na umbali huo. Mwenye akaunti ya dola 1,000 aliyeamua kutohatarisha zaidi ya asilimia 1 ana dola 10 za kupoteza. Stopu ikiwa pipsi 20 (hatua ndogo za kupimia mwendo wa bei) kutoka alipoingia, kila pipsi isizidi senti 50, yaani loti 0.05 kwa jozi ya euro na dola; loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara. Mwalimu anayechagua loti kwanza, kisha akaisogeza stopu karibu ili hesabu ikubali, anawaandaa wanafunzi wake kutolewa sokoni na mtikisiko wa kawaida wa bei.

Wapo pia wanaofundisha kwamba stopu isiwekwe kabisa, eti broka, yaani kampuni inayompitisha mteja sokoni, huiwinda. Ni kweli kwamba bei hugusa mara kwa mara maeneo ambako stopu nyingi zimerundikana, hasa juu kidogo ya kilele au chini kidogo ya bonde la karibuni, lakini dawa yake ni kuiweka mbali zaidi na kupunguza loti. Mtu asiyeweka stopu anaweza kushinda mara 9 kwa dola 10 kila mara, kisha akapoteza dola 150 kwa mara moja; amebaki na hasara ya dola 60, na bado atatangaza bila kusema uongo kwamba hushinda asilimia 90 ya biashara zake.

Mwalimu makini atakueleza pia mipaka ya stopu yenyewe. Stopu ya kawaida ikiguswa hugeuka kuwa agizo la kufunga kwa bei yoyote itakayopatikana. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, bei ya euro kwa faranga iliporomoka kwa kuruka, stopu zikatekelezwa mbali mno na zilipowekwa, na baadhi ya wateja wakajikuta wakidaiwa na mabroka wao. Anayekuhakikishia kwamba hutapoteza zaidi ya ulichopanga ama hajui haya, ama ameamua kukuficha.

Muulize vilevile anapata wapi kipato chake. Wengi hulipwa kamisheni na broka kwa kila mteja wanayempeleka, na kamisheni hiyo huingia hata mwanafunzi anapopoteza. Jambo hili linanisikitisha sana, kwa kuwa wanaoumia ni watu waliokuja kujifunza kwa akiba yao. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilieleza kuwa akaunti 74 hadi 89 kati ya kila 100 za wateja wa kawaida katika mikataba ya CFD, ile ya kubashiri bei bila kumiliki mali yenyewe, hupoteza fedha. Mwalimu ambaye hatamki takwimu za namna hii popote katika masomo yake nisingempa fedha yangu.

Picha za skrini zenye faida hazithibitishi lolote, maana hata akaunti ya demo, yenye fedha za mazoezi tu, huzitoa. Omba nywila ya kutazama tu akaunti yake, ile ambayo MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hii, huiita ya mwekezaji. Hakikisha akaunti ni halisi, kisha fuatilia kwa wiki kadhaa kama stopu huwekwa biashara inapofunguliwa, na kama hubaki mahali pake bei inapoikaribia.