Tochi haiwasaidii watoto wa kasa

Umeuliza kama kuwamulikia tochi watoto wa kasa kunawasaidia kufika majini. Hapana, ndugu, hakuwafikishi, kunawapoteza. Wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, na pasipo taa upande huo ni bahari, maana maji huakisi mwezi na nyota. Ndiyo maana taa za mahoteli, Nyali na Bamburi huko Mombasa kwa mfano, huweza kuwavuta nchi kavu, wakaishia kuliwa na kaa au kukaushwa na jua la asubuhi. Zima tochi, fukia mashimo yaliyo njiani, waache watambae wenyewe (kuwabeba kwa ndoo pia hapana!). Taa nyekundu hafifu ina nafuu, ila si salama kabisa. Ukikuta kiota, waite KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Mayai usiyaguse, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo.