Kuhamia Dodoma: pesa ishuke baada ya makochi

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, kusafirisha vyombo vya ndani kutoka Dar kumekuwa biashara kamili. Sisi tulihama kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na tangu hapo kila ndugu au jirani akipata uhamisho ananipigia mimi. "Dada, unamjua mtu mwenye kenta?" Namjua. Ila kabla ya namba yake, nisikilize kidogo.

Wengi wanaogopa mtu kutoroka na vyombo. Mimi naogopa zaidi yule ambaye hatoroki. Kwenye simu bei yake ni tamu kuliko ya wenzake wote. Vyombo vikishapakiwa na turubai likishafungwa, bei inaanza kupanda. Wakati huo funguo za nyumba ya Dar umeshamrudishia mwenye nyumba, na godoro lako liko ndani ya gari la mtu. Utabishana na nani?

Sisi simu ilitukuta gari likiwa Vigwaza. Dereva anahema: mizani imekataa, mzigo umezidi, kuna faini, tutume haraka kwenye namba ya tingo wake, yule msaidizi wa garini. Mume wangu alikuwa ameshaanza kubonyeza. Nikamwambia, baba, subiri. Kenta ikijaa vyombo vya nyumbani huwa imejaa nafasi, siyo uzito. Kochi ni mbao na sponji, kabati tupu ni hewa. Na faini ya serikali hailipwi kwenye simu ya tingo, inalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka. Tukamwomba atutumie picha ya hiyo kontroo namba tulipe wenyewe. Akasema ngoja aongee na wakubwa. Tulipompigia tena alikuwa ameshapita Chalinze, na habari ya faini hakuigusa tena.

Ndiyo maana nasisitiza mtu mmoja wa nyumbani apande mbele na dereva. Mama na watoto watangulie na treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, lakini kijana au baba akae kwenye gari. Visingizio vya njiani vinapungua sana dereva akijua kuna macho pembeni yake.

Sasa kuhusu hawa mawinga, yaani madalali, wa mtandaoni. Ukurasa umejaa picha za magari mapya yanayong'aa, na unayeongea naye hana hata toroli. Anachukua chake, kisha anakwenda kijiweni kukodi gari lolote lililolala, na dereva anaambiwa bei nyingine kabisa. Ugomvi wa mlangoni mara nyingi unaanzia hapo. Swali linalowaumbua ni hili: "Nitumie namba ya gari litakalokuja, na jina la dereva." Mwenye gari anajibu palepale. Winga ataanza kukuita bosi na kukwambia usijali. Ukipata namba, iingize kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uone kama bima yake iko hai, na siku ya kupakia lije gari hilohilo. Ujue tu kwamba bima ndogo ya gari hailipi tivii yako ikipasuka, kwa hiyo vyeti, hati na dhahabu safiri navyo mwenyewe.

Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, ndicho chambo chao kikubwa. Usitume siku tatu kabla eti "kushikilia gari". Mimi natoa ya mafuta gari likiwa limesimama mlangoni, tena jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kitambulisho. Kinachobaki ni baada ya chombo cha mwisho kushuka Dodoma. Mwenye kazi yake ya kweli hukubali, pengine kwa kununa kidogo.

Magari ya kurudi, yale yaliyoleta mazao Dar na yanarudi matupu, ni nafuu na siyapingi. Lakini uliza: niko peke yangu au tunachangia? Mkichangia, zungushia kila chombo selotepu ya rangi yako na upige picha kabla hakijapanda. Skrubu za vitanda zifunge kwenye soksi, soksi ikae kwenye begi lako. Kuna vijana watakuuzia skrubu zako mwenyewe ukifika.

Makubaliano yote yaandike WhatsApp hata kama mlipatana kwa mdomo: namba ya gari, bei, kutoka wapi kwenda wapi, na kama kupakia na kushusha kumo humo. Hilo la kushusha usilisahau, maana wapakiaji wa Dar wanabaki Dar. Serikali ya mtaa unakotoka wakuandikie barua kwamba unahama, askari akisimamisha gari lenye kochi usiku uwe na cha kuonyesha.

Akigoma kushusha mpaka aongezwe, usipandishe sauti getini. Piga picha ya gari na namba yake, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, msomeeni ule ujumbe mbele ya tingo wake. Akikaza, nendeni polisi na gari likiwa bado limesimama pale. Na yule aliyekula kishika uchumba akazima simu, toa taarifa polisi, kisha namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.