Kugeuza maswali ya Kiingereza kuwa kauli taarifa: anza na mpangilio wa maneno

Ukishazoea kutaarifu sentensi za kawaida, yaani kueleza alichosema mtu bila kumnukuu (reported speech), mkono hukimbilia kubadili wakati wa kitenzi. Kwenye maswali usianzie hapo. Anza na mpangilio wa maneno. Swali likishataarifiwa si swali tena, ni sehemu ya maelezo, kwa hiyo lazima kiima kitangulie kitenzi.

Chukua "Where is the key?" Humo is imetangulia the key. Ukitaarifu, kiima kinarudi mahali pake: He asked me where the key was. Anayeandika He asked me where was the key amebadili wakati vizuri, lakini ameliacha umbo la swali kama lilivyo, na alama ya mtihani inapotea. Kiswahili hakitusaidii hapa. Sisi tunasema "Ufunguo uko wapi?" na kisha "Aliniuliza ufunguo uko wapi", hakuna neno lililohama wala wakati uliobadilika. Usitafsiri kichwani basi. Shika sentensi ya Kiingereza yenyewe.

Panaposumbua zaidi ni kwenye do, does na did. Maneno haya yamewekwa ili kuunda swali, na umbo la swali likiondoka nayo yanaondoka. Ila kabla ya kuyafuta, tazama yamebeba wakati gani. Mfano:

"Why did you leave your books here yesterday?" the teacher asked Asha.

Kwanza futa did na uurudishe wakati wake kwenye kitenzi: you left your books here yesterday. Hayo sasa ni maelezo. Ndipo urudishe wakati nyuma hatua moja: left inakuwa had left. Aliyeulizwa ni Asha, kwa hiyo you ni she, na your ni her. Here inakuwa there, yesterday inakuwa the day before. Unganisha:

The teacher asked Asha why she had left her books there the day before.

Mwisho ni nukta. Alama ya kuuliza na alama za kunukuu zimeondoka. Anayeruka ile hatua ya kwanza ndiye anayeandika why did she left, au why she had leave. Baada ya had panakaa umbo la tatu la kitenzi: gone, si went; seen, si saw; written, si wrote. Vitenzi hivi havina kanuni moja, vikariri kidogo kidogo kila siku.

Swali lenye neno la kuuliza, kama where, why au how, hutumia neno hilohilo kuunganisha. Swali la ndiyo au hapana huunganishwa kwa if au whether: "Do you live in Tanga?" inakuwa She asked me if I lived in Tanga. Usitangulize that; asked me that if ni kosa, na asked me that where vilevile. Swali likiwa la kuchagua kati ya mambo mawili, au ukitaka kuongeza or not, whether ndiyo salama.

Who na what zinahitaji jicho la pili. Katika "Who broke the window?" who ndiyo kiima, haina pa kuhamia: He asked who had broken the window. Lakini "What is your name?" inakuwa She asked me what my name was, kwa sababu kiima ni your name.

Kuhusu nyakati: live inakuwa lived, is going inakuwa was going, has eaten inakuwa had eaten, will inakuwa would, can inakuwa could. Could, would, should na might hubaki kama zilivyo. Na kitenzi cha kutaarifu kikiwa cha wakati uliopo, He asks au He wants to know, usirudishe wakati wowote nyuma.

Kitenzi hicho nacho kichunguze. Mtihani ukikupa He said to me kabla ya swali, andika He asked me. Ukiandika He told me where I lived, umesema kwamba yeye ndiye aliyekueleza unapoishi, na maana imepinduka. Asked to me pia haipo.

Halafu kuna sentensi zenye alama ya kuuliza ambazo kwa kweli ni maombi. "Can you close the door, please?" haikuulizi kama una uwezo wa kufunga mlango. Hapo if haina kazi, please inaondoka, na kitenzi kinatanguliwa na to: She asked me to close the door.